Ghala la data linapodai jedwali halipo: dalili, visababishi na marekebisho

Kiwanda cha minofu ya sangara kilichopo Mwanza, chenye vituo vya kununulia Sengerema, Ukerewe, Musoma na Bukoba, hakiwezi kujua kilinunua kilo ngapi jana, kwa bei gani na kwenye mwalo upi, ikiwa takwimu za kila kituo zimebaki kituoni. Ndiyo maana huwa na ghala la data, yaani kanzidata moja ambayo kila usiku huvuta taarifa za mizani, stoo na uhasibu, ikazipanga ili ripoti ya asubuhi itoke mahali pamoja. Mwenye kinu cha kuchambulia pamba, msambazaji wa vinywaji na chama cha akiba na mikopo nao huwa na mifumo ya namna hiyo, na wote hukumbana na hitilafu ileile: ripoti inakatika na mfumo unadai kwamba objekti iliyoombwa haipo. Objekti ni jina la jumla la vitu vinavyokaa ndani ya kanzidata: jedwali, safu (column), faharasa (index), programu ndogo zilizohifadhiwa humo, na viu, ambayo ni kwiri, yaani swali linaloulizwa kanzidata, iliyopewa jina ili iitwe kama jedwali.

Ujumbe huo una namba yake katika kila mfumo wa kanzidata. Oracle hutoa ORA-00942, PostgreSQL hutoa 42P01, SQL Server hutoa 208 na MySQL hutoa 1146. Kinachokosekana kikiwa ni safu ndani ya jedwali, namba hizo huwa ORA-00904, 42703, 207 na 1054 kwa mpangilio huohuo. Namba ni ya kuaminika kuliko maneno yanayoonyeshwa na programu ya ripoti, kwa sababu programu nyingi za ripoti huufupisha ujumbe na kuacha ile sehemu inayomsaidia fundi.

Jambo la msingi ambalo napenda kila anayehudumia ghala alishike ni kwamba ujumbe huu hausemi kuwa jedwali limefutwa. Unasema kwamba mtumiaji huyu, kwa njia aliyoingilia na kwa saa hii, hakuona jedwali la jina hilo. Mara nyingi jedwali lipo salama, na anayelitafuta ni kama mtu anayezunguka Mwaloni Kirumba kutafuta mtumbwi uliofungwa Igombe.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili ujumbe wote ulivyo, pamoja na namba yake, saa ulipotokea, jina la mtumiaji na jina la ripoti au la kazi ya upakiaji iliyokuwa ikiendeshwa. Kisha, kwa kutumia muunganisho uleule ulioleta hitilafu, uliza upo wapi na wewe ni nani. Katika PostgreSQL andika `select current_database(), current_user, current_schemas(true);`, katika MySQL `select database(), current_user();`, katika SQL Server `select db_name(), suser_sname();` na katika Oracle `select user from dual;`. Ukaguzi huu ni wa dakika moja, tena haubadilishi kitu, lakini humaliza sehemu kubwa ya malalamiko yanayofika idara ya TEHAMA.

Onyo la kwanza na kubwa kuliko yote ni hili: usiunde jedwali jipya la jina hilo ili ujumbe uondoke. Jedwali tupu litaondoa hitilafu, ripoti itafunguka, na meneja ataona kwamba kituo cha Nansio hakikununua hata kilo moja ya samaki mwezi mzima. Hitilafu inayopiga kelele ina nafuu kuliko sifuri inayoaminiwa. Kwa sababu hiyohiyo, zikague programu za upakiaji zenye agizo la `create table if not exists`, kwa kuwa hizo hufanya kosa hilo zenyewe, usiku, bila kumwambia mtu.

Ripoti inafunguka kwa mmoja na kukataa kwa mwenzake

Kisababishi kinachoongoza ni muunganisho unaoelekea kanzidata isiyo sahihi. Kompyuta ya mhasibu imebaki na mipangilio ya seva ya majaribio tangu siku ya mafunzo, na ya mwenzake inaelekea seva ya uzalishaji, yaani ile ya kazi halisi. Linganisha anwani ya seva, mlango (port) na jina la kanzidata kwenye mashine zote mbili, herufi kwa herufi.

Kinachofuata ni skima, yaani chumba ndani ya kanzidata ambamo jedwali limewekwa. Kwiri ikitaja `manunuzi` bila kutaja skima, kila mfumo una utaratibu wake wa kuamua itafutwe wapi. PostgreSQL hufuata orodha iitwayo `search_path`, ambayo kwa kawaida huanza na skima yenye jina la mtumiaji kisha `public`. SQL Server hutumia skima aliyopangiwa mtumiaji, kisha `dbo`. Oracle hutazama skima ya mtumiaji mwenyewe, kisha majina mbadala yaliyosajiliwa. Jaribu kutaja jina kamili, kwa mfano `ghala.manunuzi`. Likifanya kazi, kisababishi umekipata, na rekebisho bora ni kuandika jina kamili ndani ya ripoti yenyewe, kuliko kubadilisha mipangilio ya watumiaji mmoja mmoja.

Cha tatu ni ruhusa, na hapa mifumo inatofautiana kwa namna inayopoteza watu muda mrefu. SQL Server kwa kawaida humwambia mtumiaji wazi kwamba hana ruhusa, kwa hitilafu namba 229. Oracle hutoa ORA-00942 jedwali likiwa halipo, na hutoa ORA-00942 hiyohiyo jedwali likiwepo lakini mtumiaji akiwa hana ruhusa yoyote juu yake. PostgreSQL ipo katikati: ukitaja jina kamili bila kuwa na ruhusa utaambiwa umekataliwa, lakini ukitaja jina fupi, na huna haki ya kutumia skima ilimo jedwali, mfumo utairuka skima hiyo kimya kimya na kukuambia jedwali halipo. Kwa hiyo orodha ya majedwali iangaliwe mara mbili, kwanza kwa jina la mtumiaji anayelalamika, kisha kwa jina la msimamizi. Katika Oracle, `ALL_OBJECTS` huonyesha yale ambayo mtumiaji anaruhusiwa kuyaona, na `DBA_OBJECTS` huonyesha yote. Katika PostgreSQL, tofauti hiyo ipo kati ya `information_schema.tables` na `pg_class`. Jedwali likionekana kwa msimamizi tu, tatizo ni ruhusa.

Ipo hali moja ya Oracle inayostahili kutajwa peke yake. Mtumiaji anaendesha kwiri kwa mkono na inaleta majibu, lakini kwiri ileile ikiwekwa ndani ya programu iliyohifadhiwa kwenye kanzidata inatoa ORA-00942. Sababu ni kwamba ruhusa alizopata kwa kuwa mwanachama wa kundi la ruhusa hazihesabiwi ndani ya programu ya aina hiyo, isipokuwa imeandikwa mahususi iendeshwe kwa haki za anayeiita. Mwenye programu apewe ruhusa moja kwa moja juu ya jedwali, kisha programu itayarishwe upya.

Usitatue tatizo la ruhusa kwa kumpa mlalamikaji haki za msimamizi. Kama huna mamlaka ya kugawa ruhusa, ishia hapa na umpelekee msimamizi wa kanzidata jina kamili la jedwali na la mtumiaji.

Jina linaonekana kwenye orodha, lakini kwiri inalikataa

Hapa mshukiwa wa kwanza ni herufi kubwa na ndogo. PostgreSQL hugeuza kuwa herufi ndogo kila jina lisilo ndani ya alama za kunukuu, na Oracle hugeuza kuwa kubwa. Faili la Excel la bei za mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) likipakiwa na programu inayoweka alama hizo, huzaliwa jedwali liitwalo `"BeiMabondo"`, na kuanzia hapo kuandika BeiMabondo bila alama katika PostgreSQL ni kutafuta `beimabondo`, ambayo haipo. Libadilishe jina mara moja liwe la herufi ndogo tupu, na utaratibu huo uwe sharti kwa kila anayepakia.

Katika MySQL suala hili hujitokeza mfumo unapohamishwa kutoka seva ya Windows kwenda Linux. Kwa mipangilio ya kawaida, Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya majedwali, lakini Linux hutofautisha, hivyo ripoti zilizotumika miaka mingi hukatika zote siku moja. Mpangilio unaohusika ni `lower_case_table_names`. Tangu MySQL 8.0 mpangilio huo hupangwa wakati wa kuanzisha seva kwa mara ya kwanza na haubadilishwi baadaye. Mwenye kufikiria kuubadilisha kwenye seva yenye data amwite mtaalamu kwanza.

Baada ya herufi, tafuta nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina, jambo la kawaida kwa majina yaliyonakiliwa kutoka Excel, na majina marefu kupita kiasi: PostgreSQL hukata jina linapozidi baiti 63, kwa onyo dogo ambalo programu nyingi hazilionyeshi.

Jana ilifanya kazi, leo asubuhi imekatika

Dalili hii ndiyo inayoleta simu nyingi zaidi saa mbili asubuhi, na karibu kila mara chanzo chake ni upakiaji wa usiku. Maghala mengi hujaza majedwali kwa kulifuta la zamani, kuunda jipya na kulijaza. Umeme au intaneti ya tawi ikikatika baada ya kufuta na kabla ya kuunda, asubuhi kunabaki pengo. Anza kwa kusoma logi (kumbukumbu za mfumo) ya kazi ya usiku: ilianza saa ngapi, hatua ya mwisho iliyokamilika ni ipi, na ilifikia mwisho au ilikatika. Kama ilikatika na chanzo cha data bado kipo, kuirudia kazi hiyo moja kwa kawaida kunatosha. Lakini kama upakiaji hubeba tofauti za siku hiyo tu, usiurudie kabla ya kujua ni mistari mipi iliyokwisha kuingia, la sivyo kilo zilezile zitahesabiwa mara mbili.

Rekebisho la kudumu linategemea mfumo. Katika PostgreSQL, kufuta, kuunda na kubadili jina vinaweza kufungwa ndani ya muamala mmoja (kundi la maagizo linalofanyika lote au lisifanyike kabisa), na kazi ikikatika katikati jedwali la zamani hubaki lilivyokuwa. Oracle na MySQL hazikupi nafuu hiyo, kwa sababu kila agizo la kuunda au kufuta hukamilisha muamala papo hapo. Huko, jaza kwanza jedwali la pembeni na ubadilishane majina mwishoni kabisa. MySQL huruhusu majina mawili yabadilishwe kwa agizo moja la `RENAME TABLE`, ambalo hufanyika lote au halifanyiki kabisa.

Kubadilishana majina nako kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ruhusa: katika PostgreSQL na Oracle jedwali jipya halirithi ruhusa za lile la zamani, hivyo kazi itakamilika bila hitilafu, msimamizi ataliona jedwali, na watumiaji wote watakataliwa. Ruhusa zigawiwe ndani ya kazi yenyewe, kila usiku. Wa pili unahusu viu za PostgreSQL. Viu hailishiki jedwali kwa jina, hulishika kwa namba yake ya ndani. Ukilibadili `manunuzi` kuwa `manunuzi_zamani` na kulipa jina la `manunuzi` jedwali jipya, viu itaendelea kusoma lile la zamani, na ripoti itaonyesha takwimu za juzi bila hitilafu yoyote. Kisha ukitaka kulifuta la zamani mfumo utakataa kwa sababu viu inalitegemea, na atakayeongeza neno `CASCADE` ili kulazimisha atafuta jedwali pamoja na viu zote zilizolitegemea. Mara nyingi viu zilizopotea usiku zilipotea kwa njia hii. Neno hilo lisiwemo kabisa katika kazi inayojiendesha bila mtu; afadhali jedwali lisafishwe kwa `TRUNCATE` na kujazwa upya, likibaki na jina, ruhusa na viu zake.

Kwa upande wa Oracle, jedwali likifutwa viu hubaki katika hali batili na mtumiaji huona ORA-04063. Likirudishwa, viu hutayarishwa upya yenyewe inapoitwa. SQL Server hutoa 208 ikifuatana na 4413, na namba hiyo ya pili inakueleza kwamba kinachokosekana kipo nyuma ya viu, si viu yenyewe.

Hitilafu inajitokeza tarehe mosi

Ghala lililogawa takwimu kwa miezi huwa na jedwali au kizigeu (kipande cha jedwali kubwa) cha kila mwezi, na mwezi mpya huingia kabla kizigeu chake hakijaundwa. PostgreSQL huonyesha hali hii kwa namba 23514 badala ya 42P01. Unda vizigeu vya mwaka mzima mapema, na kazi ya ukaguzi iwe inaangalia kama cha mwezi ujao kipo.

Kama kizigeu kinaundwa na kazi ya usiku na bado asubuhi hakipo, tazama saa ya seva. Seva nyingi za kukodi hufuata saa ya dunia (UTC), ambayo ipo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kazi iliyopangwa saa 6:30 usiku wa kuamkia Julai 1 hapa Mwanza inaendeshwa wakati saa ya seva ni saa 3:30 usiku wa Juni 30, hivyo programu inayosoma mwezi kutoka kwenye seva itaunda kizigeu cha Juni, ambacho tayari kipo, na kuridhika. Iandikwe ndani ya programu kwamba tarehe ihesabiwe kwa `Africa/Dar_es_Salaam`.

Jedwali la muda linapotea katikati ya kazi

Jedwali la muda huonekana ndani ya kikao, yaani muunganisho, kilicholiunda tu. Programu ya ripoti ikifungua muunganisho wa pili, hatua inayofuata hailioni. Katika SQL Server, jedwali lenye alama ya `#` lililoundwa ndani ya agizo la `EXEC` hutoweka agizo hilo linapokwisha, kwa hiyo liundwe nje yake. Penye programu ya kugawana miunganisho, kama PgBouncer katika hali ya kugawana kwa muamala, tumia jedwali la kawaida kwenye skima ya kazi.

SAP BW: objekti haipo baada ya mabadiliko kusafirishwa

Kwa makampuni yanayotumia SAP BW, ghala la data la kampuni ya SAP, mabadiliko huundwa kwenye mfumo wa kuundia kisha husafirishwa hadi wa uzalishaji, na usafirishaji unaoishia na alama 8 au 12 umekwama. Tazama kwanza kama objekti inayotajwa ilihifadhiwa kwenye kifurushi cha `$TMP`, kwa maana kilicho humo hakisafiri. Kisha tazama kama kilichosafirishwa kinategemea InfoObject (kijenzi cha msingi cha data ndani ya BW) iliyoachwa nyuma au iliyowekwa kwenye usafirishaji unaofuata. Kusanya upya kupitia RSA1 (msimbo wa kufungulia skrini ya SAP, kama RSD1, RSRV na SE14 hapa chini) pamoja na objekti zote za lazima, na uheshimu mfuatano. Kisha kagua toleo: objekti yenye toleo M tu, bila A, imehifadhiwa lakini haijaamilishwa, na yenye D tu ni ile iliyoletwa na SAP ambayo bado hujaichukua. InfoObject huamilishwa kwa RSD1, na zikiwa nyingi kwa programu ya RSDG_IOBJ_ACTIVATE. Chanzo cha data kikidaiwa hakipo, kinakiliwe upya kutoka mfumo wa chanzo, na ukague katika RSLOGSYSMAP kama jina la mfumo wa majaribio limegeuzwa kuwa la uzalishaji.

Ukifika mahali ambapo RSRV inaonyesha kwamba kamusi ya mfumo na kanzidata hazilingani, simama. Marekebisho yake hupitia SE14, ambako uchaguzi mmoja hurekebisha jedwali na kuhifadhi data, na mwingine hulirekebisha kwa kufuta data zake. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa Basis, yaani msimamizi wa mfumo wa SAP, baada ya nakala rudufu kuchukuliwa.

Baada ya kurejesha nakala rudufu au kuhamia seva mpya

Katika PostgreSQL, `pg_dump` haibebi watumiaji wala makundi ya ruhusa. Hao huchukuliwa kwa `pg_dumpall --globals-only`. Katika SQL Server, mtumiaji wa ndani ya kanzidata hupoteza uhusiano na jina la kuingilia la seva mpya, na huunganishwa tena kwa `ALTER USER ... WITH LOGIN`. Yakiwa sawa hayo, hakikisha kwamba nakala ilichukua skima zote.

Jedwali limefutwa kweli

Msimamizi naye halioni, kwenye seva iliyo sahihi, na logi inaonyesha agizo la kufuta. Hapa mtumiaji wa kawaida na fundi wa ripoti waache mikono. Zima kazi zote za upakiaji, maana kazi ya usiku ijayo inaweza kuunda jedwali tupu la jina hilo. Kama ni Oracle, msimamizi aangalie pipa la taka, ambalo lipo tangu toleo la 10g. Jedwali ambalo halikufutwa kwa neno `PURGE` huweza kurudi kwa `FLASHBACK TABLE... TO BEFORE DROP`, mradi nafasi yake haijachukuliwa. PostgreSQL, MySQL na SQL Server hazina pipa hilo, kwa hiyo njia ni nakala rudufu pamoja na logi za miamala, ambazo zikiwa zimetunzwa humwezesha mtaalamu kurudisha kanzidata hadi dakika kabla ya agizo. Asiruhusiwe mtu kufuta logi za zamani ili kupata nafasi ya diski, hata kama diski imejaa.

Mwite mtaalamu mara moja pia pale majedwali mengi yasiyohusiana yanapotoweka kwa pamoja, pale agizo la kufuta limetoka kwa mtumiaji ambaye hakuna anayemtambua, au seva iliyozimika kwa umeme inapowaka na kutoa hitilafu za diski. Mwandalie ujumbe kamili na namba yake, saa, toleo la kanzidata, logi ya usiku na orodha ya nakala rudufu zilizopo. Usimtumie majedwali yenyewe kwa WhatsApp au barua pepe: yana majina ya wavuvi, namba zao za simu na malipo yao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihusu kampuni yako hata siku ya dharura. Nakala rudufu irejeshwe kwenye seva ya pembeni, isiwekwe juu ya ile ya uzalishaji. Jedwali lililopotea lihesabiwe mistari na jumla ya kilo, zilinganishwe na daftari za vituo, ndipo linakiliwe kurudi mahali pake na ruhusa zake zigawiwe upya kabla upakiaji haujawashwa.